Mtoto ndiye mkaidi, mbona mimi ndiye napelekwa darasani?

*Hujambo shangazi? Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mitumba soko la Kibuye hapa Kisumu. Mtoto wangu wa pili ni mvulana wa miaka tisa, yuko gredi ya nne. Tangu chekechea neno lake ni hapana. Ukimtuma anakujibu, ukimkanya anavunja kitu. Anampiga dadake, anachokoza watoto wa ploti nzima, na shuleni tumeitwa hadi naona haya kupita getini. Mwezi uliopita alichukua shilingi mia mbili kwa aproni yangu, akakana kabisa, nikazipata ndani ya soksi yake. Baba yake ni dereva wa lori, hufika Jumamosi. Mimi humngoja nimshtakie, basi mshipi unatoka. Mama mkwe anasema mtoto amerithi kichwa cha babu aliyepewa jina lake, hakuna la kufanya.*

*Kliniki wametuambia kuna utafiti wa watoto wenye tabia kama hizi. Nilifikiri watamtibu yeye. Kumbe mimi ndiye nitakuwa nikienda kufundishwa kila wiki! Tena si hakika: majina yatapigiwa kura ya bahati, wengine waanze sasa, wengine wangoje. Mume wangu anasema tunafanywa panya wa majaribio. Yeye ametafuta shule ya bweni inayosifika kwa kunyoosha watoto sugu, anataka kumpeleka Januari. Fomu iko kwa mkoba wangu. Nitie sahihi? Na kwani mimi ndiye mgonjwa? Naogopa kijana atakuwa jambazi. Nilisahau kukwambia, alipokuwa na miaka mitatu malaria ilimpanda kichwani akalazwa na degedege, lakini alipona kabisa. Mama K., Kisumu.*

Mama K., nitaanza na hiyo sentensi uliyoisahau ukaichomeka mwisho. Kliniki waliiandika? Kama hukuwaambia, rudi uwaambie kabla hujagusa kalamu. Watafiti waliofuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo kule Uganda walikuta kuwa baadhi yao, homa ikishaisha na mama akishamshukuru Mungu, hubaki na kifafa, au usahaulifu, au utukutu usiotulia, au hasira na ukali ambao haukuwepo kabla ya kulazwa. Sisemi ndivyo ilivyo kwa mwanao. Nasema daktari anayempima bila kujua habari ya degedege anapima nusu ya mtoto. Kama ile kadi ya hospitali bado unayo, ibebe. Omba pia masikio yapimwe, na useme kama kuna nyakati anakodoa macho kidogo ukimwita asisikie. Kuna watoto wameitwa wakaidi miaka na miaka, kumbe sikio moja halisikii.

Haya, sasa hiyo hasira yako. Umeudhika, na mama yeyote angeudhika. Umebeba mtoto hadi kliniki, umepanga foleni, halafu unaambiwa darasa ni lako. Lakini hakuna aliyesema wewe ni mgonjwa, wala kwamba umemharibu. Mama mkwe wako hajakosea kote: tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba hamaki na ukaidi kwa sehemu huja na damu. Alipokosea ni pale anaposema hakuna la kufanya.

Marekani, jimbo la Oregon, mwanasaikolojia Gerald Patterson na wenzake waliingia kwenye nyumba za watu, wakaketi na daftari, wakaandika kila mtu alichofanya na mwenzake alivyojibu. Kitabu chake kilitoka 1982. Walichokiona huko wewe unakijua. Unamwambia mtoto azime tivi akaoge. Anasema hapana. Unarudia kwa sauti. Naye anapandisha yake, anarusha kikombe. Ugali uko motoni, mdogo analia, mteja anakupigia simu. Unasema, "Basi kaa hivyo hivyo, baba yako akija utaona." Kimya. Hiyo ni biashara iliyofungwa, na nyote wawili mmelipwa: yeye amepata tivi yake, wewe umepata utulivu wako. Kesho atafungua bei pale alipofunga leo. Siku nyingine unakataa kushindwa, unapiga kelele kuliko zake au unashika mwiko, anatii. Hapo wewe ndiye umelipwa kwa ukali, na kesho utaanzia kwenye ukali. Hakuna mwovu katika hadithi hii. Ila mkizungushana hivyo mara kumi kwa siku, miaka minne mitano, mtoto hufika shuleni akijua njia moja tu ya kupata anachotaka.

Ndiyo maana darasa ni lako. Daktari humwona saa moja kwa mwezi, wewe uko naye kila jioni. Mafunzo ya wazazi ndiyo yaliyojaribiwa zaidi na kuonekana kusaidia kwa watoto wa umri wa mwanao, na kwa ukaidi peke yake dawa si kitu cha kuanzia. Utakayofundishwa yataonekana madogo mno hadi utataka kucheka. Dakika chache kila siku za kucheza naye mchezo anaouchagua yeye, bila kumkosoa. Kumsifu kwa jambo lenyewe ("umemwachia dadako kiti, vizuri") badala ya "mtoto mzuri" ya jumla. Kutoa agizo moja fupi, ukiwa karibu naye, mara moja tu. Kupuuza kununa na kujibizana kusikomdhuru mtu. Na adhabu iwe ndogo, ije papo hapo, iwe ile ile leo na kesho, kama kunyimwa tivi jioni hiyo. Mshipi wa Jumamosi kwa kosa la Jumanne haumo humo. Kufikia Jumamosi mtoto hajui tena anapigwa kwa lipi. Anachojua ni kwamba baba akifika, kuna maumivu.

Usiniambie ni mambo ya Wazungu. Afrika Kusini, Eastern Cape, familia 552 zenye vijana ziliingia katika utafiti wa namna hii. Kura ilipigwa kati ya vijiji na mitaa 40, na matokeo yakatolewa 2018. Walikofundishwa, wazazi walieleza kuwa kupiga na kutukana watoto kulipungua.

Sasa hiyo kura, maana naona ndiyo imemkera mume wako zaidi. Mwambie kisa hiki, kina uzito kuliko ushauri wangu wote. Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville huko Massachusetts, walichukuliwa wavulana 506. Walipangwa wawili wawili wanaofanana, sarafu ikarushwa: mmoja asaidiwe, mwenzake aachwe aendelee na maisha. Waliosaidiwa walipata kila kitu ambacho mimi na wewe tungetamani. Mshauri aliwatembelea nyumbani kwa miaka kama mitano, wakafundishwa masomo, wakatibiwa, wakapelekwa kambi za likizo. Miaka thelathini baadaye Joan McCord aliwatafuta, watu wazima sasa, na wengi wao, kama theluthi mbili, walisema mradi uliwafaa. Kama angeishia hapo tungeimba haleluya. Lakini alikuwa na wale wenzao wa upande wa pili wa sarafu, akawalinganisha. Waliosaidiwa ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi: uhalifu wa kurudiarudia zaidi, ulevi zaidi, na hata waliokufa walikufa mapema zaidi. Alichapisha hayo 1978.

Bila ile sarafu, nani angejua? Shukrani za watu hazikutosha, na nia njema haikutosha. Kwa hiyo kura ya bahati si dharau kwa mwanao. Ndiyo njia pekee ya haki ya kujua kama mafunzo yanasaidia au mtoto anakua tu na kutulia mwenyewe, jambo ambalo pia hutokea.

Na kisa hicho kina mkia unaomhusu mume wako moja kwa moja. Mwaka 1999 McCord, pamoja na Thomas Dishion na François Poulin, walirudi kwenye zile takwimu kuuliza madhara yalitoka wapi. Yalikuwa yamelundikana kwa wavulana waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Ukiwakusanya vijana wenye utundu mahali pamoja, wanafundishana. Mmoja akisimulia alivyomjibu mwalimu, wengine wanacheka, na kicheko hicho kwa mtoto ni sifa kuliko yoyote utakayompa. Basi niambie, shule inayosifika kwa kunyoosha watoto sugu, mabwenini mwake watalala kina nani? Mwanao ana miaka tisa. Atawakuta wa kumi na nne, ndio watakaokuwa walimu wake usiku. Na kama kunyoosha kwenyewe ni kwa kiboko, mkumbushe baba kwamba Katiba ya 2010, ibara ya 29, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, zinakataza. Shule inayokuahidi hilo inakuahidi kuvunja sheria kwa ada yako.

Bweni lenyewe silichukii, wengi wetu tumesomea huko. Nachukia bweni linalotumiwa kama dawa.

Kuhusu ujambazi, punguza hofu kidogo. Daktari hutoa jina kwa tatizo hili pale ukaidi, hasira za haraka na kisasi vinapodumu miezi sita au zaidi, na si kwa ndugu zake tu. Kwa ulivyoeleza, inafaa apimwe. Lakini ngazi ile nzito, ya kuumiza watu na kuvunja sheria, huhitaji dalili zisizopungua 3 kati ya 15 ndani ya mwaka mmoja: kutesa wanyama, kuchoma vitu kwa makusudi, kutumia silaha, kuvunja nyumba za watu na mengine ya aina hiyo. Mia mbili ndani ya soksi haimfikishi huko. Kule Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuatilia watoto 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973 hadi utu uzima. Ni kweli, kuna kikundi kidogo kilichoanza usumbufu mapema na hakikuacha. Kuna pia walioanza mapema wakatulia, na wengi zaidi walioanza ujanani wakaachana nao wenyewe. Kuanza mapema ni sababu ya kushughulika sasa. Si hukumu.

Je, utie sahihi? Mimi ningetia, ila si leo na si bila kuuliza. Fomu ya ridhaa isomeni pamoja, wewe na mume wako, kwa lugha mnayoielewa. Kama imeandikwa Kiingereza peke yake, dai ya Kiswahili au Kijaluo, ni haki yako. Tafuta kwenye fomu jina na namba ya simu ya kamati ya maadili iliyoupitisha utafiti, na uulize kama una kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayotoa vibali vya utafiti. Uliza: tukiangukia kundi la kungoja, tutangoja hadi lini, na tutapata mafunzo yale yale? Wakati tunangoja, mtoto akizidi, nani atamwona? Mtaturekodi video, na nani ataitazama? Mwalimu wake ataambiwa nini? Nauli mnarudisha? Tukichoka katikati tukajitoa, kliniki itaendelea kumtibu kama kawaida? Jibu la hili la mwisho lazima liwe ndiyo. Wakikuomba pesa ili uingie, ondoka. Na mwanao mwenyewe aulizwe, kwa maneno ya mtoto, kama anakubali. Usimtishe wala usimhonge. Ni mkaidi, huenda akasema hapana; mpe muda, aulizwe tena siku nyingine.

Ile lugha ya panya, mwambie mume wako kwa upole kwamba panya haulizwi, hasomi fomu, wala haruhusiwi kuondoka.

Kuna jambo ambalo hukuniuliza, nami nalisema hata hivyo. Katika barua yote baba anatokea na mshipi na shule ya bweni, basi. Mafunzo ukiyafanya peke yako Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi yakafutwa, utachoka bure. Waombe wanaofundisha kama kuna kipindi cha wikendi, au waongee naye kwa simu akiwa njiani ameegesha. Madereva wana muda mrefu wa kuegesha kuliko wanavyotuambia wake zao. Na kama siku moja utahisi mkono unakuponyoka hadi kumuumiza mtoto, piga 116, ni simu ya watoto, haitozwi, na wazazi pia hupiga.

Huhitaji kura ili uanze. Wiki hii mpe mwanao dakika tano kila jioni, mipira ya karatasi au kalongo, chochote anachotaka yeye, na usimfundishe kitu. Jumamosi baba akifika, kabla ya mashtaka yoyote, mweleze jambo moja zuri alilofanya kijana, hata kama ni kubeba mtungi wa maji tu, na hakikisha kijana anasikia.