Gunia lipi? Kwa wewe unayeanza kazi kwenye redio ya wilayani

Nilipoanza kazi kwenye redio jamii moja mkoani Morogoro, nilipangiwa kipindi cha bei za sokoni. Moyo wangu ulikuwa kwenye siasa, kwa hiyo nilikifanya kwa haraka haraka: asubuhi nampigia mfanyabiashara mmoja wa mpunga, naandika bei ya gunia, naisoma hewani, basi. Wiki ya pili akapiga simu mama mmoja anayeuza mchele sokoni. Hata salamu aliikatisha. "Mwanangu, kila siku unatutajia bei ya gunia. Gunia lipi? La lumbesa au lililopimwa?"

Sikuwa na jibu. Lumbesa unaijua: gunia linajazwa mpaka juu, kisha linashonewa kilemba, na mkulima analipwa gunia moja kwa mzigo unaokaribia gunia na nusu. Sheria ya vipimo inakataza, lakini huko mashambani bado inapita. Bei niliyokuwa nikiisoma ilikuwa ya lumbesa, na wakulima walikuwa wakiishika kama ndiyo bei halali. Yaani redio yao wenyewe ilikuwa inawasaidia wanunuzi kuwapunja. Nililiona hilo kwa sababu ya simu ya muuza mchele, si kwa sababu ya cheti changu cha uandishi.

Tulimwomba awe anatutumia bei kila siku, kwa kilo. Tukaongeza kijana wa bodaboda anayezunguka minadani na katibu wa chama cha ushirika cha msingi. Mhariri akawa analinganisha bei za watatu hao kabla ya kusoma. Msimu haukuisha, duka moja la pembejeo likaja lenyewe kuuliza linaweza kudhamini kipindi kwa kiasi gani. Kabla ya hapo ofisa wetu wa matangazo alikuwa akizunguka na barua mjini na kurudi na ahadi tu.

Nakusimulia haya kwa sababu unaingia kwenye kazi wakati ni mgumu. Magazeti yamepunguza kurasa na waandishi wa mikoani, fedha nyingi za matangazo zimehamia Google na Facebook, na mishahara kuchelewa si habari tena. Utaambiwa dawa ni kukimbizana na habari kubwa ya siku. Mimi sikubaliani. Kauli ya waziri msikilizaji ameshaipata kwenye simu kabla hujafungua maikrofoni. Asichokipata kwingine ni bei ya leo kwa kilo, barabara ipi imekatika, dawa zimefika zahanati au bado, nani amefariki na mazishi ni saa ngapi. Waandishi vijana hudharau matangazo ya misiba na ya ng'ombe waliopotea. Pale kwetu ndiyo yaliyolipa umeme miezi ambayo wateja wakubwa walikaa kimya.

Habari za namna hiyo huwezi kuzikusanya peke yako, una pikipiki moja ya ofisi na mafuta ya kubahatisha. Ila kila kijiji tayari kina mtu anayejua. Wenzetu wa Kenya walituonyesha hilo mapema. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipopamba moto na matangazo ya moja kwa moja yakiwa yamepigwa marufuku, kundi dogo la watu, akiwemo mwanasheria na mwanablogu Mkenya Ory Okolloh, lilianzisha tovuti ya Ushahidi. Wananchi walituma walichokiona kwa ujumbe mfupi, kwa barua pepe au kupitia tovuti, na taarifa zikawekwa kwenye ramani.

Sasa nikueleze kosa langu, kwa sababu utajaribiwa vilevile. Aprili moja, mvua za masika zikiwa zimechachamaa, niliingiziwa picha kwenye WhatsApp: maji yamefunika barabara, na anayeituma anasema ni asubuhi ileile, kata fulani. Nikaiweka kwenye ukurasa wetu na kuitangaza kwenye taarifa ya saa saba. Dereva mmoja wa Noah aligeuza gari na abiria wake, wakalala njiani, kumbe barabara ilikuwa nzima. Jioni mzee mmoja akapiga simu. "Itazame tena hiyo picha. Huo mwembe wa pembeni umejaa embe mbivu. Embe gani hizo za Aprili?" Niliitazama. Zilikuwa za njano, zimening'inia. Picha ilikuwa ya mvua za vuli za miaka ya nyuma.

Kesho yake tulisahihisha hewani kwenye taarifa ileile ya saa saba, na niliomba radhi kwa sauti yangu mwenyewe. Tangu siku hiyo, picha ikiingia nampigia aliyetuma, hata bando likiwa linakaribia kuisha. Namuuliza amesimama wapi, na naomba apige nyingine dakika hiyohiyo akigeukia upande wa pili. Aliyepo eneo la tukio anaituma kabla hujamaliza chai. Kisha namtafuta mtu wa pili asiyejuana naye: mwalimu, mtendaji wa kijiji, muuza genge. Jicho langu linaanzia pembezoni mwa picha, kwenye mimea, vivuli, mabango na namba za magari. Ukikosea, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha taarifa za uongo, na aliyekutumia anaweza kuingia matatani pamoja nawe.

Hapa ndipo vyombo vingi vinapowapoteza watu hawa. Vinachukua picha, vinaweka nembo yao juu yake, na mtumaji hasikii tena kitu. Hata kama anajali kiasi gani, hatatuma mara ya tatu. Mama wa mchele tulimtumia salio kila Jumatatu, likiwa dogo lakini halikukosekana, na tulimtaja hewani kwa jina alilolichagua mwenyewe. Muulize kwanza, maana wengine kutajwa kunawaletea balaa. Habari ikizaa matunda, mpigie umweleze. Kama haikutumika, mpigie pia umwambie kwa nini. Na usimpe kitambulisho cha redio ili aingie kwenye mikutano kwa jina la mwandishi. Kwa Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 uandishi unahitaji ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi hiyo, yeye hana. Anakuletea taarifa, wewe ndiwe unayebeba dhamana ya kilichotangazwa.

Ukiniuliza uanzie wapi, nitasema mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria unapaswa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Mara chache sana utamkuta mwandishi. Huko Chicago, Marekani, shirika la habari la City Bureau, lililoanzishwa 2015, huwafundisha wakazi wa kawaida kuhudhuria vikao vya umma na kuandika yaliyosemwa, na huwalipa kwa kazi hiyo. Nilipolisoma hilo nilifikiria vikao vyetu, ambako mtu anasimama chini ya mkorosho na kuuliza fedha za choo cha shule zimekwenda wapi, na jibu linaishia hapohapo kivulini.

Tafuta mtu mmoja kila kijiji anayeandika vizuri, mfundishe kunakili kiasi cha fedha kama kilivyosomwa, nani aliuliza, nani alijibu, na ajiepushe na maoni yake. Anza na vijiji vitatu. Robo ya kwanza ya mwaka wa fedha inaisha Septemba 30, kwa hiyo pita kwa watendaji wiki hii uulize tarehe za mikutano yao, na uziandike kwenye daftari, maana ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji mara nyingi huwa bado na tangazo la mkutano uliopita.