Kayaki, bamvua na ndege wa tope: jibu kwa vijana wa kriki

SWALI: Shikamoo mzee. Sisi ni kikundi cha vijana huku kriki moja upande wa Kilifi, tumepanda mikoko miaka kadhaa na imeshika vizuri, sasa tumepata kayaki 5 za watu wawili tunataka kutembeza wageni waone ndege. Shida ni kwamba tukitoka maji yamejaa ndege hatuwaoni, tukingoja yapwe ndege wapo ila kayaki zinakwama, wiki iliyopita tumekaa na wageni kwenye tope zaidi ya masaa mawili. Tutoke saa ngapi? Alafu lile tope tupu mbele ya mikoko, tupande miche pia ili pajae kijani wageni wapapende?

JIBU: Marahaba kijana wangu, na hongereni kwa hiyo mikoko, najua jasho lake. Mimi naongoza wageni hapa Mida Creek, Watamu, na kabla sijafika kwenye saa naanza na swali lako la mwisho kwa sababu hilo ndo limenishtua. Tafadhali sana msipande kitu kwenye lile tope. Hiyo ndo sahani ya ndege wenu. Ule utupu unaouona, chini yake kuna minyoo, kaa wadogo na konokono, na hao ndo wanamleta ndege kutoka Siberia mpaka Kilifi. Ukijaza miche hapo, ya chini sana itakufa kwa sababu inazama masaa mengi mno, na ile itakayoshika itawafukuza wale ndege wadogo wa tope, maana wao wanataka uwazi waone adui akija. Pandeni kule mikoko ilikokatwa zamani kwa ajili ya boriti, kwenye visiki, au acheni mbegu zijiotee zenyewe kama maji yanaingia na kutoka vizuri.

Sasa saa. Kosa lenu ni kwamba mnatoka maji yakiwa mwisho, ama juu kabisa ama chini kabisa. Toka maji yakiwa yanaingia. Maji yakipwa ndege wametawanyika uwanda mzima, huyu kule yule kule, mnaona vidoa tu kwenye darubini. Yakianza kujaa yanawasukuma, kila dakika sahani inakuwa ndogo, wanasogea, wanasongamana, mpaka wanabaki kwenye kipande cha mwisho cha tope na hapo ndo unakuta mamia wamesimama pamoja. Yakijaa pomoni wanaruka kwenda kulala, juu ya mikoko au kwenye fungu la mchanga, na ndo maana nyinyi mkitoka maji yamejaa mnasema hakuna ndege. Wapo, wamepumzika tu mahali hamjapajua.

Kwa hiyo mimi naingiza kayaki majini masaa mawili na nusu hivi kabla ya maji kujaa, naacha mkondo utubebe kuingia ndani, mgeni hata hachoki kupiga kafi, tunafika karibu na kile kipande cha mwisho wakati ndege wamekusanyika, tunasimama, maji yakituama tunageuza na yakianza kutoka yanaturudisha nyumbani. Na hapo hamkwami, kwa sababu ukigusa tope maji yakiwa yanajaa unangoja dakika kumi unaelea tena, ukigusa yakiwa yanatoka ndo basi, umelala hapo. Kumbuka pia maji hayaendi mwendo mmoja, saa ya kwanza yanasogea kidogo, saa ya tatu na ya nne peke yake inaingia au inatoka karibu nusu ya maji yote, na bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, huku kwetu tofauti ya juu na chini inaweza kuzidi mita 3, sasa piga hesabu mwenyewe ni kina gani kinaondoka chini yako ndani ya masaa mawili. Nadhani ndo kilichowapata.

Siku za kuchagua waulizeni wavuvi, wanahesabu mwezi vizuri kuliko simu. Mwezi 14, 15 hivi, nahesabu siku tangu mwezi kuandama, na mwandamo vilevile, maji yanajaa mida ya saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, kwa hiyo mnatoka saa saba u nusu au saa nane na mnarudi kabla ya magharibi, mwanga mzuri sana, ila mkondo ni mkali hasa penye wembamba na mgeni wa mara ya kwanza msimpitishe hapo. Maji mafu, yaani siku yanapopanda na kushuka kidogo tu, mwezi 8 au 22, yanajaa saa nne saa tano asubuhi, mkondo mpole, ila tope halifunikwi lote na ndege hawabanani. Siku hizo nawapeleka wenye watoto na wanaojifunza kafi. Alafu jedwali la maji mnaloliona ni la Kilindini, bandari ya Mombasa, ndani ya kriki yanachelewa. Chomekeni kijiti chenye alama pale mnapotokea, andikeni kila siku mwezi mzima saa maji yanaposimama, mtajua mnachelewa dakika ngapi.

Jambo la kumkaribia ndege nalitilia mkazo kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Miaka ya mwanzo niliwapeleka wageni karibu sana na kundi lililolala, likaruka, wakapiga picha wakafurahi, nikarudia kesho na keshokutwa, siku ya nne hakukuwa na ndege hata mmoja pale na walikaa wiki kadhaa bila kurudi. Iliniuma. Yule mweupe wa mgongo mweusi mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, wageni wanamwita krabu plova, anazaa kwenye mashimo ya mchanga kule Oman, Ghuba na Eritrea, yai moja kwa kawaida, kisha anashuka kwetu. Ndege kama huyo hana nguvu za kupoteza, na mwezi wa tatu na wa nne ndo kabisa, sululu na wenzake wanajaza mafuta mwilini kwa safari ya kurudi. Nasimama mita mia moja, jua mgongoni, siwaelekezei kayaki moja kwa moja napita ubavuni, na wakinyanyua vichwa wote kwa pamoja naweka kafi chini hapohapo. Tena hapo wametulia, mgeni anaona zaidi.

Mwezi wa tano mpaka wa saba wengi wameondoka, msiwaahidi wageni makundi, waonesheni mdiria, yangeyange, kaa na mikoko yenyewe, mkoko, mchu, mlilana, mkandaa, kila mmoja na kazi yake. Na kusi linavuma kwa nguvu miezi hiyo, tokeni asubuhi.

Laifu jaketi kila mtu bila mjadala, filimbi, kamba ya kuvutia kayaki nyingine, simu kwenye mfuko usioingiza maji, na viatu maana chaza kwenye mizizi zinakata kama wembe. Kiongozi mmoja kayaki 3 au 4, na mmoja wenu abaki nyuma kabisa. Mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, kwa hiyo ongeeni na KFS, shirika la misitu, kupitia chama chenu cha msitu, vyombo vikaguliwe na KMA, mamlaka ya usafiri wa baharini, na kama mko ndani ya hifadhi ya bahari basi KWS, shirika la wanyamapori, pia.

Anzeni safari tatu bila mgeni hata mmoja, mwezi 5, mwezi 10 na mwezi 15, mkiandika ndege wanabanana wapi na wanalala wapi. Mkishachora hiyo ramani niandikieni tena nione mnapitia wapi.