Vipokezi vya kinga na seli T kwenye baridi yabisi

Kaka, umeuliza kama mama hapo Ngamiani, Tanga, anaumwa baridi yabisi kwa sababu kinga imepungua, na kama apewe dawa za kuiongeza. Hapana, kinga yake haijapungua. Imekosea adui, inashambulia viungo vyake mwenyewe, kwa hiyo hizo dawa za kuongeza kinga asipewe. Kinga tuliyozaliwa nayo ina vipokezi vinavyotambua vipande vya vijidudu na mabaki ya seli zilizoumia. Kimoja chao, TLR4, kikiamshwa, seli za dendriti (seli za kinga zinazozionyesha nyingine adui) humwaga kemikali za kupeana ishara, IL-1, IL-6 na IL-23, na hizo huzisukuma seli T (aina ya seli nyeupe za damu) ziwe kundi kali liitwalo Th17, zinazotoa kemikali nyingine, IL-17, na kuchochea uharibifu wa gegedu na mfupa. Lakini si kila kipokezi kinachochea, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Kwenye panya wasio na kizuizi cha asili cha IL-1 (utafiti wa 2008), kuondoa TLR4 kulipunguza ugonjwa pamoja na Th17, ila kuondoa kipokezi kingine, TLR2, kuliuzidisha, maana seli T za udhibiti, zile zinazoituliza kinga, zilidhoofika. Panya wa aina hiyo hiyo wakilelewa bila bakteria yoyote hawakuvimba viungo.

Hayo ni ya panya lakini. Kingamwili ya kuziba TLR4 ilipojaribiwa kwa wagonjwa haikuleta nafuu.

Kama vidole vinakakamaa asubuhi kwa saa nzima au zaidi, aanzie hospitali ya Bombo, muulizie vipimo vya damu vya RF na anti-CCP (kingamwili za baridi yabisi) na CRP (kiwango cha uvimbe mwilini). Akiandikiwa methotreksati, dawa ya kutuliza baridi yabisi, ni mara moja kwa WIKI pamoja na asidi ya foliki. Akiimeza kila siku kwa makosa, uboho unaweza kuacha kutengeneza damu na akafa.