Sindano za sikioni na presha: usiache vidonge

Ndugu, umeuliza kama sindano za sikioni (akupancha: sindano nyembamba zisizo na dawa zinazochomwa sikioni) zitashusha presha yako ya 150/95 ili uachane na vidonge. Vidonge usiviache. Ukivikatisha ghafla presha inaweza kupanda vibaya, na sindano haziwezi kuziba pengo hilo.

Athari kwenye moyo ipo. Kile kishimo cha juu kidogo ya tundu la sikio kina tawi la neva ya vagasi, neva ileile inayopunguza kasi ya mapigo ya moyo. Kukichokoza kunaweza kutuliza mapigo, lakini mara nyingi kwa muda mfupi tu. Ndiyo maana kipimo kinachochukuliwa palepale kitandani baada ya tiba kinadanganya. Pima nyumbani kwa siku 7, asubuhi na jioni: kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, kisha pima mara mbili kwa kupishana dakika 1.

Ukiamua kujaribu, lala chali, maana wengine huzirai. Dai sindano mpya za kutumia mara moja. Zile ndogo zinazoachwa sikioni kwa siku kadhaa ndizo za kuogopa zaidi: gegedu (ule mfupa laini wa sikio) likipata maambukizi hupona kwa shida, na mwenye vali bandia ya moyo bakteria wanaweza kumfikia moyoni. Huyo asiziweke kabisa. Mwenye betri ya moyo asikubali sindano zinazopitishwa umeme kabla ya kumwuliza daktari wake.

Presha ikifika 180/120 pamoja na maumivu ya kifua au ganzi ya upande mmoja, kimbilia hospitali.