Anti wa Jikoni: Tunaenda kupumzika, mbona mi niko jikoni tu?

Barua za wiki hii karibu zote zina kilio kimoja, watu wanatoka wikendi kwenda nyumba ya mapumziko halafu chakula kinawatoa jasho kuliko safari yenyewe. Zilizofanana nimezijibu kwa moja.

Anti shikamoo. Tuna nyumba ndogo ya wikendi, tunaenda Ijumaa jioni tunarudi Jumapili, tuko saba na wawili kati yetu ni watoto wadogo. Tukifika ni saa 3 usiku, kila mtu njaa, watoto wanalia, mi ndo kwanza namenya vitunguu. Mara ya mwisho tumekula saa 6 kasoro. Jumamosi napika asubuhi, napika mchana, napika usiku, wenzangu wanapiga picha na jua linazama mi nimebaki na sufuria. Nipike nini mapema? – Mama Sufuria

Marahaba mwanangu. Nimecheka hilo jina halafu nikaona aibu, maana hata mi nilikuwa hivyo hivyo miaka mingi tu.

Kosa letu ni moja, tukisikia "pika mapema" tunataka kumaliza kila kitu nyumbani, Alhamisi usiku unapika milo sita mpaka saa 8, unafika kule hoi kuliko hata ungepikia hukohuko. Usipike milo sita. Pika mmoja tu ukamilike kabisa, ule wa Ijumaa usiku, vingine vyote vifikishe nusu ya njia.

Wa Ijumaa uwe kitu cha mchuzi: maharage, dengu, nyama ya mchuzi, supu nzito. Hivi vikilala viungo vinakolea, kiporo chake ni kitamu kuliko siku ya kwanza. Ukipika Jumatano ukaweka kwenye friji iko sawa, maana chakula kilichopikwa kinakaa humo siku 3 mpaka 4, na ukitaka kupika mapema zaidi basi gandisha. Mi nafanya hivi: maharage yakishapoa nayatia kwenye mifuko ya zipu, nakamua hewa itoke, naulaza kila mfuko bapa kwenye sinia ndani ya friza, unene wa kidole kimoja na nusu hivi. Yakishaganda natoa sinia naipanga mifuko wima kama vitabu kabatini. Haichukui nafasi, na njiani inasaidia barafu kupoza vingine.

Ukifika, hata mkoba hujatua begani, mwagia mfuko maji ya bomba kwa nje mpaka uone lile bamba limeachia plastiki, liteleze kwenye sufuria na nusu kikombe cha maji, funika, moto mdogo. Moto mdogo jamani! Ukiongeza kwa sababu ya njaa chini linashika na kuungua huku katikati bado ni jiwe. Likianza kulegea pembeni livunje na mwiko, liache tena. Lichemke mpaka katikati, sio kutoa povu pembezoni tu. Hapo unaongea dakika 20, na mkate upo, watoto wamekula wamelala.

Vitu usivyogandisha: viazi ndani ya mchuzi, vikiyeyuka vinakuwa kama sponji iliyolowa maji, ukitaka viazi vikate vitie hukohuko. Tambi zilizopikwa zinakuwa uji. Mayonesi na krimu zinakatika.

Sasa Jumamosi. Silaha yako ni rojo. Kaanga kilo moja ya vitunguu polepole mpaka vibadilike rangi, tia saumu na tangawizi, tia nyanya kilo mbili, chumvi kidogo, acha zikauke mpaka uone mafuta yanajitenga juu. Gawa kwenye vyombo vinne. Asubuhi unapasha kimoja unavunjia mayai juu unafunika, mchana kingine unatia kuku, usiku cha tatu ni sosi ya tambi, na sijawahi kuona mtu akisema "mbona ni rojo lilelile". Cha nne ni cha dharura, kuna mgeni huwa anatokea tu.

Nyama ya kuchoma iroweke nyumbani na viungo vyake igande hivyohivyo ndani ya mfuko, itaendelea kuvinyonya ikiwa inayeyuka. Kabichi, karoti na hoho katakata nyumbani, lakini usitie chumvi wala limau, chumvi inavuta maji, ukifunua kesho unakuta mboga zinaogelea. Nyanya na tango zikatwe dakika zinapoliwa.

Pankeki za asubuhi ndo nilichotaka kukwambia tangu mwanzo. Kwenye kopo changanya unga wa ngano vikombe 2, sukari vijiko 2 vya mezani, beking pauda kijiko 1 cha mezani, chumvi nusu kijiko cha chai. Halafu juu ya mfuniko bandika karatasi: "Ongeza mayai 2, maziwa kikombe 1 na nusu, mafuta vijiko 2. Koroga kidogo tu, yakibaki madonge madogo sawa." Unaona nilichofanya hapo? Anayepika sio wewe tena, ni yeyote anayejua kusoma. Fanya hivyo kwa kila chombo, andika ni nini na kifanyweje, maana nusu ya uchovu wako sio kupika, ni kuulizwa. "Hii ni nini?" "Hii inatiwa maji?" "Chumvi iko wapi?" Wewe nenda kaangalie jua linazama.

Anti, Alhamisi usiku nilipika wali mwingi nikauacha kwenye sufuria upoe mpaka asubuhi, ndo nikautia kwenye hotipoti, Ijumaa jioni tumeupasha tukala. Usiku wawili wakatapika. Wali haukuwa umechacha wala haukunuka. Ni wali kweli au maji ya kule? – Nina wasiwasi

Kuapa siwezi, lakini mi ningekuwa hakimu, wali ndo ungekuwa mshtakiwa wa kwanza kupanda kizimbani. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, anakaa kwenye mchele wenyewe, na ana mbegu ngumu ambazo kuchemka hakuziui. Wali ukibaki vuguvugu usiku kucha zile mbegu zinaamka, zinazaana, zinaacha sumu, na hiyo sumu ya kutapisha ukiupasha moto kesho yake haifi. Ndo maana pua yako haikukwambia kitu. Kuchacha na kuwa na sumu ni mambo mawili tofauti.

Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya masaa 2, na kukiwa na joto la kupita nyuzi 32 basi saa moja tu. Wali ukitaka kuuhifadhi utandaze kwenye sinia pana upoe haraka, uingie kwenye friji, uliwe kesho yake, upashwe mara moja tu basi. Hata sufuria kubwa la mchuzi ni hivyohivyo, usiliache zima lipoe lenyewe, katikati litakaa vuguvugu masaa na masaa, gawa kwenye vyombo vifupi.

Ila kwa safari ushauri wangu ni usibebe wali kabisa. Pima mchele mkavu kwenye mfuko, andika na maji yake vikombe vingapi, dakika 20 umeiva kule, wa moto.

Na hotipoti, hapo pia kuna kutokuelewana. Hotipoti inatunza joto, haitengenezi. Ukitia chakula kilichopoa ndani yake umekijengea bakteria nyumba nzuri ya vuguvugu. Kiingie kikiwa kinachemka, hotipoti yenyewe uwe umeijaza maji ya moto dakika kadhaa ukayamwaga, na kibaki juu ya nyuzi 60 mpaka kinaliwa. Kwa safari fupi sawa. Kama ni nusu siku barabarani, kibebe kikiwa baridi kabisa.

Anti mi ni mwanaume, kazi yangu ni kuendesha gari na kupakia deli la barafu. Kila safari tukifika barafu ni maji, nyama inaelea, lawama zote kwangu. Nakosea wapi? – Dereva

Kaka Dereva pole, ila nami nikuulize, njiani nani anafungua hilo deli? Nabashiri ni soda na maji ya kunywa. Kila mtoto akitaka soda mfuniko unafunguliwa, joto linaingia. Vinywaji viwe na deli lao la bei rahisi lifunguliwe mpaka lichoke, la chakula lifungwe hapa lifunguliwe kule.

Pili, deli ulilolitoa stoo lenye joto linakula barafu yako kabla hujawasha gari. Lilaze usiku ndani ya nyumba na chupa moja mbili za barafu ndani lipoe. Na achana na vipande vidogo vya barafu, gandisha chupa za maji za lita moja na nusu, bonge kubwa linayeyuka taratibu, maji hayamwagiki kwenye nyama, na Jumamosi unayanywa. Zisijae lakini! Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9. Mi niliwahi kujaza supu ya mifupa kwenye chupa ya kioo mpaka mdomoni nikaitia friza, mifupa nimeichemsha masaa manne, asubuhi nimekuta chupa imepasuka na vioo vimegandia ndani ya supu. Niliimwaga yote huku naiangalia.

Kupanga: nyama mbichi chini kabisa kwenye chombo kisichovuja, ili hata ikichuruzika isidondokee kwenye matunda. Vya Ijumaa juu. Nafasi tupu zizibwe na taulo, deli lililojaa linakaa na baridi kuliko lenye uwazi. Na usiliweke kwenye buti lililopigwa na jua mchana kutwa, liingize ndani mlipokaa nyie, lifunike blanketi. Wataona ajabu mnalifunika barafu blanketi, waache, blanketi linazuia joto kuingia.

Anti mambo. Tuko marafiki sita, tumekodi nyumba ya siku mbili, hatujui jikoni kwao kuna nini. Tubebe nini? – Jay

Poa Jay. Mwombe mwenye nyumba picha ya jiko na kabati likiwa wazi, dakika moja tu hiyo. Hata akikutumia, kisu chako beba, visu vya nyumba za kukodi havikati hata nyanya. Ongeza kiberiti, kifungulio cha makopo, chumvi, mafuta, sufuria moja kubwa yenye mfuniko. Pangeni vyakula vya sufuria moja, na mayai ya kuchemsha na maganda yake, kwenye friji yanakaa mpaka wiki. Zaidi ya hapo mtakuwa mnahama.

Shikamoo Anti. Jumapili vikibaki vyakula tunaviacha kwenye friza ya kule mpaka turudi wiki tatu baadaye. Mume wangu anasema kikishaganda hakiharibiki. Mara ya mwisho nimekuta mfuko wa nyama umegandia kwenye ukuta wa friza, umebadilika umbo, na barafu ya rangi ya damu chini. Yeye anasema tule tu. – Mke wa mtu

Marahaba. Msiile. Mume wako ana nusu ya ukweli. Friza ikikaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bakteria wanalala, hawafi, na chakula kitakaa miezi bila kudhuru mtu japo ladha inapungua. Ila hiyo ni friza ambayo umeme haukukatika. Huo mfuko uliyeyuka, ukachuruzika, ukakaa hivyo haijulikani siku ngapi, umeme uliporudi ukaganda tena ukajifanya haujui kitu.

Fanya hivi ukiondoka: jaza kikombe cha plastiki maji, kisijae pomoni, kigandishe, halafu weka sarafu juu ya barafu na ukirudishe friza. Ukirudi ukikuta sarafu iko juu palepale, barafu haikuyeyuka. Ikiwa imezama katikati au chini kabisa, friza ilipata joto muda mrefu. Friza iliyojaa isipofunguliwa inashikilia baridi kama masaa 48 umeme ukikatika, iliyojaa nusu ni kama 24, kwa hiyo hata chupa za maji zijaze humo badala ya kuiacha tupu.

Na sio kila kilichobaki kinastahili kuachwa. Maharage yaliyopashwa Ijumaa, yakakaa mezani mnapiga stori mpaka usiku wa manane, hayo hayaingii friza. Rojo ambalo halijafunguliwa na bado ni baridi, sawa. Nyama iliyoyeyukia kwenye friji yenyewe na haikutoka nje, sawa pia, itakuwa laini kidogo tu. Iliyoyeyukia kwenye deli mpaka ikawa vuguvugu, hapana.

Andika tarehe kwenye kila mfuko, usiandike "ya Ijumaa", baada ya wiki tatu mtabishana ni Ijumaa gani. Na ukikuta sarafu iko chini toa vyote nje kabla mume wako hajaamka, usionje hata kidogo ili kuhakikisha.