Maswali ya wasomaji: Land Rover inagoma asubuhi ya baridi, mchana haina shida

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Makete, nina Land Rover Series III ya mwaka 1978, petroli, silinda nne, ile 2.25, kabureta yake Zenith. Aliiacha marehemu mzee na ndo inatubebea viazi mpaka leo. Tangu baridi ya Juni ianze asubuhi inagoma, navuta choki mpaka mwisho napiga stata mpaka betri inalegea, wala harufu ya petroli sisikii. Ikishapata moto siku nzima inawaka kwa mguso mmoja tu. Fundi wa huku kanifundisha nitoe mpira wa hewa nimwage petroli kidogo mdomoni mwa kabureta, na kweli inawaka, ila sasa anasema ninunue kabureta mpya. Ninunue? (Msomaji, Makete)

JIBU: Marahaba kijana wangu, Mungu amrehemu mzee. Kwanza hiyo ya kumwaga petroli mdomoni mwa kabureta acha leo leo. Injini ikikohoa moto unatokea juu, na wewe umeinama hapo hapo na kikopo mkononi, mimi nimeshaona mtu kaungua mikono yote miwili kwa mchezo huo na gari lenyewe lilikuwa na tatizo dogo tu la kumaliza kwa bisibisi.

Kabureta usinunue. Mwenyewe umeshanipa jibu bila kujua, maana kama ukimwagia petroli inawaka basi moto wa plagi upo, kompresheni (mgandamizo wa silinda) ipo, kilichokosekana ni petroli tu. Na mchana haigomi kwa sababu injini ya moto haihitaji choki. Petroli ikiwa maji maji haiwaki, kinachowaka ni mvuke wake, sasa asubuhi ya Makete chuma chote ni barafu, petroli nyingi inashika ukutani kama umande kwenye manifodi, yaani bomba la kutoka kabureta kwenda silinda, na kinachofika kwenye silinda ni kidogo mno. Choki kazi yake ni kuziba hewa juu ili injini ivute petroli nyingi zaidi ya kawaida, hata ikipotea njiani ibaki ya kutosha. Choki isipoziba sawasawa, Januari utaona gari zima, Juni ndo utajua.

Hakikisha hivi. Asubuhi gari likiwa limelala, piga stata kama sekunde kumi, isipowaka acha, toa plagi zote nne uzitazame. Zikiwa kavu (na nina uhakika zako zitakuwa kavu) rudi kwenye kabureta, toa ule mpira mkubwa wa hewa na kiwiko chake, mwambie mtu avute choki ndani mpaka mwisho na wewe uangalie kile kibati cha juu kama kinalala chote. Usiangalie kitasa cha kwenye dashibodi, kitasa kinaweza kutoka chote huku kibati kimefika nusu. Halafu injini ikiwa imezimwa sukuma mkono wa mafuta pale kwenye kabureta, uone petroli inaruka kama sindano kuingia kooni, isiporuka ujue ile pampu ndogo ya ndani ya kabureta imechoka au bakuli ni tupu.

Na kama gari linalala siku nyingi, tuseme kutoka gulio hadi gulio, kuna jambo jingine. Tanki lako lipo chini ya kiti, kabureta ipo juu, valvu za pampu zikizeeka petroli ya kwenye bomba inarudi chini na ile ya kwenye bakuli inakauka taratibu. Pampu ya mafuta ipo ubavuni mwa injini, ile yenye kikombe cha kioo, ina kijiti cha kupampu kwa mkono, wengi hata hawakijui! Pampu mara ishirini hivi kabla ya kugusa stata. Ukiona kijiti kimelegea hakina nguvu usidhani kimekufa, ni kwamba kemu (ile nundu inayozunguka ndani ya injini na kuisukuma pampu) imeshaikandamiza, zungusha injini mzunguko mmoja ujaribu tena. Gari likiwaka vizuri baada ya kupampu basi fungua kikombe, safisha maji na uchafu, badilisha gasketi yake na utafute seti ya vipuri vya kutengenezea pampu, siyo kabureta.

Baada ya siku nne msomaji huyu akaniandikia tena: plagi kavu zote, na choki ikivutwa mpaka mwisho kibati kinaacha nafasi ya kupitisha kidole. Ile klipu inayoshika ganda la waya pale kwenye kabureta imelegea, kwa hiyo ukivuta ganda linatembea pamoja na waya, nusu ya mvuto inapotea bure.

Basi umemaliza. Rudisha kitasa ndani kabisa, kisha kitoe kidogo sana, funga klipu ibane ganda, kaza skurubu ya waya kibati kikiwa wima wazi kabisa, halafu vuta uone kinaziba chote. Asubuhi kanyaga mafuta mara mbili, vuta choki yote, piga stata bila kukanyaga tena. Ikishika rudisha choki nusu baada ya muda mfupi, na iingie yote kabla hujafika mbali, kwa sababu petroli mbichi inaosha oili kwenye kuta za silinda na pistoni zinakwanguka. Betri pia itazame, baridi inainyonya na oili inakuwa nzito, weka mita wakati stata inazunguka, ikishuka chini ya volti 10 safisha vichwa vya betri na waya wa ethi kabla hujalaumu betri. Hendeli ya mzee ya kuzungushia injini kwa mkono kama ipo itumie bila aibu, ila kidole gumba kiweke upande mmoja na vingine, injini ikirudi nyuma inavunja mkono.

SWALI: Fundi, mimi yangu ni kinyume. Land Rover kama hiyo, nimeitoa Dar nimehamia Njombe, asubuhi inanuka petroli, plagi nyeusi zimeloa, haiwaki. (Msomaji, Njombe)

JIBU: Kaka, hapo unaizamisha kwa petroli. Kwanza fikiria urefu wa mlima, Njombe ipo kama mita 2,000, hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko pwani, kwa hiyo kabureta iliyosetiwa Dar huku inatoa petroli nyingi mno na plagi zinashika masizi. Ikishazama rudisha choki yote, kanyaga mafuta mpaka chini ushikilie, piga stata mpaka ijikaushe. Plagi zisafishe, mwanya milimita 0.75 hadi 0.80, na pointi za kwenye distributa 0.35 hadi 0.40, moto dhaifu hauwashi plagi iliyoloa.

Halafu jaribu skurubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa pale kwenye kabureta, gari likiwa la moto. Ukizungusha na injini haibadiliki hata kidogo, fungua kifuniko cha kabureta. Zenith hizi kifuniko kinapinda kwa joto na kwa kukazwa sana, na ile oringi (pete ya mpira) ya katikati ikiwa imekauka petroli inavuja kutoka kwenye bakuli inaingia kooni moja kwa moja. Weka msasa laini wa maji juu ya kioo, sugua uso wa kifuniko taratibu mpaka ulale sawa, weka oringi mpya, kaza skurubu kidogo kidogo kwa kupishana. Skurubu ya mchanganyiko anzia zunguko moja na nusu kutoka ilipofungwa, kisha sikiliza injini.