Nitampataje mwongoza watalii wa kuaminika kwenye mji nisioujua?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi na mama tunasafiri kwenda mji wa nje ambao hatuna ndugu wala hatujui lugha yake, na tuna siku 4 tu. Nimeingia intaneti nimekuta waongoza watalii kibao, kila mmoja ana nyota 5, wengine wanasema ziara ni bure kabisa, sasa nimechanganyikiwa. Mama magoti yanamsumbua, sitaki tukaburuzwe. Nianzie wapi?
Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umefanya la maana kuuliza mapema, maana wengi wetu tunaanza kutafuta mtu wakati tumeshafika, na anayekudaka wa kwanza ndo unaondoka naye. Mimi yalinikuta. Nilimpata kijana nje ya hoteli, mchangamfu, anaongea vizuri, tukakubaliana masaa 4 ya kuzunguka mji wa kale. Karibu masaa 2 yakaishia kwenye maduka ya mazulia, nimekalishwa kwenye kiti nafunuliwa zulia moja baada ya lingine, halafu kugeuka namwona mwenye duka anaandika jina la yule kijana kwenye kidaftari. Hapo ndo nikaelewa nimeletwa kwa kamisheni. Jengo nililolifuata tukalikuta limefungwa, na asubuhi yake nilikuwa naondoka. Iliniuma sana.

Kwa hiyo siku hizi kabla sijalipa hata senti namuuliza mtu: tutapita duka lolote? Aliye mkweli anajibu moja kwa moja, anayezungukazunguka namwacha.

Cha kwanza angalia kama nchi unayoenda ina leseni ya kazi hiyo, maana nyingi zinayo. Uturuki waongozaji wanapewa leseni na wizara ya utalii na wanavaa kitambulisho shingoni, Ufaransa kuna kadi ya guide-conférencier, yaani mwongozaji aliyeidhinishwa, ambayo kampuni inayopeleka wageni kwenye makumbusho na majengo ya kihistoria inatakiwa itumie wenye nayo, na London kuna wale wa Blue Badge, beji ya bluu, ambao wanasoma karibu miaka 2 na kufanya mitihani. Na leseni siyo pambo, kuna sehemu asiye nayo haruhusiwi kuongoza watu ndani, utajikuta unaingia peke yako yeye kabaki getini. Vyama vya waongozaji vya nchi nyingi vimeungana kwenye shirikisho la dunia lililoanzishwa 1985, so tafuta chama cha mji huo, mara nyingi kina orodha ya majina na lugha anazoongea kila mtu.

Lakini leseni inakwambia mtu kasoma, haikwambii kama mtaelewana. Hapa ndo watu wengi wanateleza. Mwandikie meseji kabla, au mpigie kabisa kwa video dakika 5, mweleze mna siku ngapi na mama ana magoti, halafu nyamaza umsikilize. Mwongozaji mzuri atakuuliza maswali yeye: mama anaweza kutembea dakika ngapi bila kukaa, ngazi anaziweza, mnapenda historia au mnataka kuona watu wanavyoishi, mnaamka saa ngapi. Yule anayekurushia orodha ya sehemu 12 za siku moja bila kuuliza chochote, huyo ana ziara yake kichwani na nyie mtaifuata tu. Mi huwa nawapima hapo, na nyota 5 haziniambii kitu kama hicho.

Kwenye maoni ya wateja usiishie kwenye sifa, yasome yale ya nyota 3, halafu tafuta yanayotaja jambo lenyewe, mfano mtu anasema mvua ilinyesha akabadilisha ratiba palepale. Kama ni kampuni, uliza ni nani hasa atakuja siku hiyo, maana unaweza ukasoma sifa za mtu mmoja akaletwa mwingine.

Hizo za bure, ukweli ni kwamba mwishoni unategemewa utoe bakshishi, na kuna kampuni zinamkata mwongozaji hela kwa kila kichwa alichokuja nacho, kwa hiyo ukiondoka kimyakimya unamtia hasara. Siyo mbaya kwa siku ya kwanza, ila makundi huwa makubwa na mwendo ni wa haraka, kwa mama siioni.

Bure ya kweli ipo, wanaitwa greeters, wenyeji wanaojitolea kukutembeza mtaani kwao na bakshishi hawachukui. Ilianzia New York 1992 na sasa iko miji mingi duniani. Makundi ni madogo, ila uombe wiki kadhaa kabla.

Mimi ningekuwa wewe ningemchukua mwenye leseni kwa nusu siku tu, siku ya kwanza, peke yenu bila kundi. Mkubaliane kwa maandishi masaa, bei, nani analipa viingilio, na mtapumzika wapi. Mama akimpenda, mwombeni na siku ya tatu.